Mwongozo: onyesho la matarumbeta la kuwachekesha watoto na wazazi wao, kwa bendi ndogo

Maswali ni yale yale kila nikikutana na watu wa bendi: tupige nini watoto wasichoke, sisi tuko kumi tu tunaweza kweli, hivi taipureta inapigwaga kwenye mziki au ni utani. Nimeyaweka majibu sehemu moja, ukiulizwa na mwenzako mtumie hii. Nimeandika nikimuwaza mwalimu wa bendi ya kanisa au ya shule, watu 8 mpaka 20 hivi, tarumbeta, tromboni mbili tatu, tuba au bezi yoyote, ngoma kubwa, ngoma ndogo, labda na klarineti moja na saksafoni ya mtu aliyehamia juzi. Kama una orkestra yenye vayolini shukuru Mungu, mambo ni yale yale.

Kitu kimoja kwanza kabla sijasahau, maana ndio kinaharibu maonyesho mengi. Mziki wa kuchekesha unapigwa kwa uso mkavu. Watoto hawacheki kwa sababu trombonisti amevaa pua nyekundu, wanacheka kwa sababu masikio yao yalikuwa yanasubiri kitu fulani afu kikaja kingine, na hicho kingine kikaja kwa wakati wake kabisa. Bendi ambayo haijashika wimbo ikijaribu kichekesho inaonekana imekosea tu, na mzazi aliyekaa nyuma anamwambia mwenzake "bado wanajifunza hawa". Kwa hiyo mazoezi ya vichekesho yanatakiwa kuwa mengi kuliko ya zile nyimbo za kawaida, sio machache.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nota za kila sauti zilizochapwa, moja kwa kila mtu. Acha habari ya watu wanne kuchungulia karatasi moja.
- Kibao cha mbao laini vipande vinne vinavyotosha kiganja na vingine vya akiba, na msasa wa aina mbili, namba 80 na namba 150 hivi. Hadiwea yoyote wanao.
- Taipureta ya zamani. Ulizia stesheneri za zamani, ofisi za mawakili, au wale wazee wanaochapa barua karibu na mahakama. Haihitaji kuandika vizuri, ilimradi inagonga.
- Kengele ya baiskeli, na chupa moja ya soda ya kioo yenye mistari mistari.
- Chupa mbili nyingine za soda za kufanana, na simu yenye programu ya kutyuni (kupatanisha sauti).
- Lile kombe la mpira la kuzibulia sinki, bila mti wake. Jipya! Nasisitiza jipya, sitaki kueleza zaidi.
- MC mmoja anayejua kunyamaza. Huyu ndio mgumu kumpata kuliko taipureta.
- Wiki sita za mazoezi kama bendi ni ya wanaoanza.

Hatua ya 1: Panga muda kwanza, nyimbo baadaye

Dakika 40, zisizidi 45, bila mapumziko. Ukiweka mapumziko watoto wanaenda kununua aiskrimu na hawarudi wakiwa watu wale wale. Kila kipande kisizidi dakika 4, na usiweke viwili vya aina moja kufuatana. Mpango unaofanya kazi: machi ya kuingilia ambayo kila mtu anaijua, kichekesho cha sauti, wimbo wa watoto wa kuimba pamoja, msasa au taipureta, hadithi yenye vyombo, wimbo wa watoto kushiriki, kisha kuaga. Vitu saba. Watu wanatakaga kuweka kumi na mbili, usikubali.

Hatua ya 2: Hamisha ufunguo uwafae watu wako

Vitu vingi vya orkestra vimeandikwa kwa ajili ya vayolini na vinakaa vibaya kwenye tarumbeta. Kipande kikiwa C, shusha toni moja kiwe B flati halisi, hapo mwenye tarumbeta ya B flati anasoma C na maisha yanakuwa mepesi. Saksafoni alto yeye ni E flati, karatasi yake ni tofauti, kwa sauti hiyo hiyo atasoma G. Kosa ninaloliona kila mahali ni kumpa huyu wa saksafoni karatasi ya tarumbeta na kumwambia "utaona mwenyewe". Kama watu wako wanasoma solfa ishu hii inapungua, mkubaliane do iko wapi basi.

Vipande kadhaa hapa chini ni vya Haydn, mtunzi wa Austria, na vya Leroy Anderson, mtunzi wa Marekani. Haydn amefariki 1809 kwa hiyo nota zake unazipata bure mtandaoni na unazipanga upya utakavyo. Anderson amefariki 1975, nchi nyingi kazi zake bado zina wenyewe, za kwake nunua au kodi.

Hatua ya 3: Pigo la kushtua

Hiki ndicho ningekiweka hata kama ningebakiwa na kimoja. Ni sehemu ya pili ya simfoni (kazi ndefu ya orkestra) namba 94 ya Joseph Haydn, aliiandika 1791, ikapigwa London mwaka uliofuata. Wimbo wake ni mwepesi mno, *do do mi mi so so mi, fa fa re re ti ti so*, mtoto wa darasa la tatu anaushika kwa kuusikia mara moja, na ndio maana unafanya kazi, maana akishaushika anaanza kujiamini kwamba anajua kinachofuata. Baa nane (baa ni kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) kwa sauti ya chini. Baa nane tena, chini zaidi. Afu mwisho wa baa ya 16 bendi nzima na ngoma wanapiga pigo moja la nguvu zote, na baada ya hapo wimbo unaendelea taratibu kama hamna kilichotokea.

Sasa utekelezaji, maana hapa ndio penye kazi.

a) Vyombo vya shaba kupiga chini (kwa sauti ndogo) ni kazi ngumu kuliko kupiga juu (kwa nguvu), midomo ya wanaoanza inakata sauti. Usiwaambie wote wapige chini. Raundi ya kwanza wapige watu wanne. Raundi ya pili wapige wawili, noti fupi fupi za kudokoa, maana hata kwa Haydn nyuzi za kusindikiza hapo zinadokolewa kwa kidole. Sauti inashuka yenyewe bila mtu kuteseka.

b) Wale wanaosubiri lile pigo vyombo viwe mdomoni TOKA MWANZO wa wimbo. Wakivinyanyua baa ya 14, wale watoto wa mstari wa mbele wameshaona, na mtoto wa miaka sita anaona mapema kuliko unavyodhani. Mpiga ngoma kubwa ndio mbaya zaidi, mkono wake unapanda juu kama anatwanga kisamvu ukumbi mzima unajua kinachokuja. Mwambie kirungu kikae usawa wa bega tangu wimbo unaanza, apige kwa kiwiko.

c) Kondakta, yaani anayeongoza bendi kwa mkono, naye asivute pumzi kubwa. Apige mkono ule ule mdogo mpaka lile pigo lenyewe.

d) Baada ya pigo kutakuwa na kelele, vicheko, pengine mtoto mmoja analia. Usisimame. Wawili wale waendelee kupiga chini vile vile, watu watanyamaza wenyewe ili wasikie. Ukisimama kusubiri umeua kila kitu.

e) Usirudie lile pigo. Najua utashawishika, kila mtu anashawishika. Haydn mwenyewe hajalirudisha, anaendelea na wimbo kwa mitindo mingine huku wewe umekaa roho juu unasubiri litokee tena na halitokei, na hiyo ni nusu ya utani.

Na MC asitangaze "kaeni tayari kuna mshangao". Nilishamsikia mmoja akitangaza hivyo, tena kwa furaha kabisa.

Hatua ya 4: Msasa

Gundisha msasa kwenye vibao kwa gundi ya mbao, ukauke usiku mzima. Jozi moja ya namba 80 kwa mapigo mazito, jozi ya namba 150 kwa yale ya haraka. Mpigaji anasugua kimoja juu ya kingine, mbele kwa pigo la kwanza, nyuma kwa la pili, inatoka *shaa-sha, shaa-sha* kama mtu anacheza na viatu juu ya sakafu yenye mchanga. Anderson ana kipande kizima cha hivi cha 1954, ila hata wimbo wowote wa mwendo wa kutembea unakubali msasa badala ya ngoma ndogo.

Angalizo: msasa unaisha. Unasugua mazoezi matatu manne ukishika unakuta ni karatasi tu, siku ya onyesho hausikiki. Tengeneza jozi ya akiba na usiiguse mpaka siku yenyewe. Na mpigaji akae karibu na maiki, sentimita 20 hivi, vinginevyo tarumbeta zitammeza.

Hatua ya 5: Taipureta

Ndio, inapigwa kweli. Anderson alikamilisha kipande chake cha taipureta na orkestra mwaka 1950, na tangu hapo orkestra za dunia nzima zinakipiga, kwa kawaida mtu wa ngoma ndio anakaa kuchapa kwa sababu ni kazi ya mdundo, sio ya kuchapa. Usimpe sekretari kwa sababu anajua kuchapa, mpe mwenye mkono wa ngoma.

1. Acha herufi mbili tu zinazofanya kazi, nyingine zote zifunge kwa mpira au uzi. Mashine ya zamani ukiigonga haraka vile vyuma vinapandana na kukwama, na vikikwama katikati ya wimbo hamna namna ya kuvikwamua kistaarabu. Herufi mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, inatosha.
2. Kengele ya mashine usiitegemee, inalia inapotaka yenyewe. Weka kengele ya baiskeli pembeni, mfuniko wake uugonge mara moja kwa kijiti. Usiizungushe ile ya kidole, inatoa *kringi-kringi* ndefu.
3. Ile sauti ya kurudisha gari la mashine, *krrrk*, ikwaruze kwenye chupa ya soda yenye mistari kwa kijiti au kijiko. Mtu mwingine afanye hii, mchapaji asihangaike na vitu vitatu.
4. Mashine ikae juu ya meza ya mbao iliyo wazi chini. Meza yenye kitambaa kizito inameza mlio.
5. Weka karatasi ndani ya mashine. Haiongezi kitu kwenye sauti lakini akimaliza akaichomoa na kuitazama kwa makini kama barua ya serikali, hapo watu wazima ndio wanacheka.

Wimbo wa kipande cha Anderson unakimbia sana, noti ndogo ndogo mfululizo, tarumbeta za wanaoanza hazitauweza. Usijitese. Chukua machi fupi mnayoijua, taipureta ichape kwenye nafasi ambazo wimbo unapumua, kengele mwisho wa kila mstari, *krrrk*, mstari mpya. Utani ni ule ule.

Hatua ya 6: Kila chombo na vituko vyake

Tromboni inateleza, hiyo ni zawadi ya Mungu kwa watoto. Ila ujue mipaka: bomba lina nafasi 7, kwa hiyo mteremko mmoja unafika nusu toni 6 basi. Kutoka F kushuka mpaka B asilia (isiyo flati) inawezekana, kutoka F mpaka B flati haiwezekani kwa mvuto mmoja, na nimeona nota zilizopangwa na watu wazima kabisa zikidai hiyo. Mara tatu kwa onyesho zima inatosha, ya nne hamna anayegeuka.

Tarumbeta inaweza kulia kama farasi: bonyeza valvu nusu, anza noti ya juu, tikisa midomo huku unashuka. Lile kombe la sinki ukiliweka mdomoni mwa tarumbeta na kulifungua kwa mkono wa kushoto, *waa-waa*, tarumbeta inaanza kuongea. Mpangie izungumze na tromboni, kama mama na mtoto asiyetaka kuoga. Dakika moja, isizidi.

Tuba usiifanye kituko kwa kupiga noti mbaya za chini, hiyo ni dharau. Ipe wimbo. Saint-Saëns, mtunzi wa Ufaransa, mwaka 1886 kwenye kazi yake ya wanyama alichukua dansi ya haraka inayojulikana na kila mtu, akaipiga polepole mno na kusema huyo ni kobe. Fanya hivyo: chukua wimbo ambao watoto wanauimbaga mchakamchaka, mpe tuba aupige robo ya mwendo, kwa heshima zote, na subiri wagundue wenyewe ni wimbo gani. Utaona vichwa vinageukiana mmoja mmoja.

Hatua ya 7: Hadithi yenye vyombo

Prokofiev, mtunzi wa Urusi, alifanya hii Moscow mwaka 1936, kila mhusika na chombo chake, ndege filimbi, paka klarineti, mbwa mwitu zile honi za kuzunguka (french horn) tatu. Wewe tumia sungura na fisi, watoto wako wanawajua vizuri kuliko mbwa mwitu wa Urusi. Sungura tarumbeta yenye myuti (kizibo cha kubana sauti), fisi tromboni, kobe tuba, tembo ngoma kubwa, nyani klarineti kama ipo.

Kabla ya hadithi tambulisha kila mmoja kwa baa mbili tatu, watoto wabashiri ni nani. Baada ya hapo sheria ni moja: MC akiongea bendi kimya, bendi ikipiga MC kimya. Hadithi nyingi zinakufa kwa sababu msimuliaji anaelezea kinachopigwa wakati kinapigwa, "hapa fisi anakimbia jamani", tumesikia, ndio maana tromboni ipo. Sentensi moja, mziki, sentensi moja, mziki. Ukurasa mmoja wa maneno unatosha.

Hatua ya 8: Watoto washiriki

Tafuta nota za ile simfoni ya midoli ya karne ya 18, ile iliyosemwa ni ya Haydn, baadaye ikasemwa ni ya Leopold Mozart, siku hizi wengi wanaielekeza kwa mtawa wa Tirol, Austria, anaitwa Edmund Angerer. Ina vyombo vya nyuzi vya kawaida pamoja na midoli: tarumbeta ya kitoto, ngoma ya kitoto, ndege, njuga ya kukereza. Sehemu ya mwisho inapigwa mara tatu, kila mara haraka zaidi, na watoto wanaipenda hiyo kuliko yote.

Sauti ya ndege ni noti mbili, so kisha mi. Chukua chupa mbili, jaza maji kidogo kidogo huku unapuliza mdomoni mwake na kutazama tyuna ya simu, maji yakiongezeka sauti inapanda. Zibandike plasta usawa wa maji ili mtu akimwaga ujue pa kurudi. Zityuni siku ile ile ya onyesho, na zilinde na wenye kiu.

Wachague watoto sita tu waje mbele, kila mmoja na kitu chake na kadi ya rangi yake. Kondakta akiinua nyekundu anapiga wa nyekundu. ONYO: usigawe filimbi kwa ukumbi mzima. Hata mwishoni. Hasa mwishoni.

Hatua ya 9: Kuaga

Mwaka 1772 wanamuziki wa Esterházy, yule mtawala tajiri aliyemwajiri Haydn, walikuwa wamekaa muda mrefu kwenye kasri la mashambani mbali na familia zao, Haydn akawaandikia simfoni namba 45 ambayo mwishoni wapigaji wanaondoka mmoja mmoja mpaka wanabaki wa vayolini wawili. Kwa bendi yako chukua wimbo wa taratibu mnaoujua kwa moyo. Kila beti anaondoka mtu, anafunga chombo chake, anachukua begi, anatoka. Hamna kupungia mkono, hamna kucheza na watu. Wa mwisho awe wa tuba, apige beti lake peke yake, atazame kulia na kushoto, afu ahangaike kupita mlangoni na dude lake.

Ngoma ikiondoka wa kwanza waliobaki wanaanza kuburuza mwendo, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya wimbo huo bila ngoma kabisa wiki mbili.

Ukikwama

*Watoto wadogo wanalia kwenye pigo kubwa.* Mstari wa kwanza uwe mita 4 au 5 kutoka ngoma kubwa, na mikeka ya wadogo kabisa iwekwe upande wa klarineti. Ngoma usiielekeze kwao, igeuze pembeni.

*Hamna aliyecheka.* Mara nyingi mlipiga haraka. Kichekesho kinahitaji watu washike wimbo kwanza. Punguza mwendo, na hakikisha ile sehemu ya kawaida imerudiwa mara mbili kabla ya kuiharibu.

*Bendi inakimbia ikisikia vicheko.* Kila bendi. Mazoezi mawili ya mwisho leta watu wa kupiga kelele makusudi, kwaya ya vijana watafurahi kusaidia.

*Saa kumi jua kali, tarumbeta zimepanda na klarineti inalia peke yake.* Shaba ikipata joto sauti inapanda, vuta slaidi ya kutyunia nje kidogo, na vyombo vikae kivulini kabla ya kuanza. Tyuni tena baada ya machi ya kwanza, hamna atakayewacheka.

*Taipureta imekosekana kabisa.* Kibodi ya kompyuta haisikiki, nimeulizwa sana. Tumia mashine ya kushonea ya kukanyaga au vibao viwili mezani.

*Wazazi wanaongea nyuma.* Pigeni chini zaidi, sio juu zaidi.

*Mzee wa kanisa anasema huu sio mziki wa ibada.* Yuko sahihi, kwa hiyo usiuweke kwenye ibada. Omba uwanja Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya watoto au mahafali. Na akisema matarumbeta hayakuletwa kwa ajili ya mchezo, mkumbushe kwa adabu kwamba watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wanacheza beni, ngoma ya kuiga bendi za jeshi, na vyombo hivi hivi tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa mpaka Tanganyika, vikundi vya Marini na Arinoti vikashindana kwa sare na vyeo vya kujipa wenyewe. Afu mpe kiti mstari wa pili, katikati, mbali na ngoma kubwa.